Kisu kidogo cha kazi: anza na mpini na ala, makali baadaye

Mwaka juzi mmoja wetu hapa kituoni alinunua kisu mnadani, akakifunga kwa gazeti, akakitia mfukoni na kupanda bodaboda kwenda Kisiba kurekodi kipindi cha wakulima wa ndizi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye mteremko pikipiki ikateleza na wote wawili wakaanguka. Dereva aliinuka na tope tu. Mwenzetu aliinuka na damu, kwa sababu ncha ya kisu ilikuwa imetoboa gazeti na kuingia pajani. Zahanati walimshona nyuzi sita na kumchoma sindano ya pepopunda.

Kisu chenyewe kilikuwa kizuri, na kilikuwa kikali kweli. Kilichokosekana ni ala.

Tangu siku ile, kila tukigusia zana za shambani katika kipindi, wasikilizaji hutuuliza swali lilelile: ninunue kisu gani cha kutembea nacho kila siku? Wengi wetu tukifika kwa muuzaji tunapitisha kidole gumba kwenye makali, tukiona yanauma tunalipa. Ushauri wetu ni kuanza upande wa pili. Makali utayatia mwenyewe nyumbani kwa jiwe. Mpini unaoteleza na ala isiyokuwepo havirekebishiki ukiwa porini na mikono imelowa.

Ni kisu gani tunachokizungumzia

Hatuzungumzii panga wala nyengo, na wala si kile kisu kirefu cha jikoni. Tunazungumzia kisu kifupi ambacho bapa lake limekazwa moja kwa moja kwenye mpini na halikunjwi. Ni kisu cha kukata kamba, kufungua mfuko wa mbolea, kukata jani la mgomba la kufungia mzigo, kuchuma mboga na kumenya embe. Ndicho pia utakachokihitaji siku ndama akijinyonga kwa kamba yake. Kamba ya namna hiyo haifunguki kwa vidole, na muda wa kukimbia nyumbani kuleta kisu haupo.

Kwa nini kisiwe cha kukunja? Visu vya kukunja tunavijua sana huku kusini. Okapi, kwa mfano, vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 na baadaye vikahamia Afrika Kusini. Uzuri wa kisu cha kukunja ni kwamba makali yanajificha ndani ya mpini, hivyo unaweza kukitia mfukoni. Lakini kila kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo huingia utomvu, tope na kutu. Kikichakaa kinalegea. Ukikandamiza vibaya kisu kisicho na kizuizi, au ambacho kizuizi chake kimekwisha, bapa linaweza kurudi na kufunga juu ya vidole vyako.

Kisu kisichokunjwa hakina kiungo. Unakitoa kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika ndama, na unakiosha kwa maji ukimaliza. Usalama ambao mwenzake anaupata kwa kukunjwa, hiki kinaupata kwenye ala, na ndiyo maana tunasisitiza ala.

Wazo hili si geni. Kabla ya bidhaa za dukani kuenea, vyuma vingi vya Wanyakyusa vilitoka kwa wahunzi wa Kikinga kule kwenye milima ya Livingstone. Wao walishuka na majembe na mikuki, wakarudi na chakula. Mbali zaidi, huko Sweden, mji wa Mora una viwanda vya visu tangu mwaka 1891, na sifa yao kubwa ni kisu kifupi cha bei nafuu cha wafanyakazi, chenye mpini wa mbao na ala yake. Mafundi seremala, wavuvi na wakata miti wamekivaa kiunoni kwa zaidi ya miaka 100.

Mpini: upime mkono ukiwa umelowa

Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Ukiongeza utomvu wa mgomba na maziwa ya asubuhi, mkono wako mara nyingi utakuwa unateleza. Kwa hiyo usipime mpini kwa mkono mkavu. Mwombe muuzaji maji kidogo, lowesha kiganja, kisha shika kisu kana kwamba unataka kuchoma kwa ncha. Kama mkono unasogea mbele kuelekea makali, kiache. Mpini mzuri una kituta kidogo mbele, au umenenepa katikati, ili vidole visipite.

Angalia pia urefu. Vidole vyote vinne vikae kwenye mpini na kibaki kipande kidogo nyuma.

Kisha chunguza chuma kimeingia ndani ya mpini kiasi gani. Kwenye visu imara, chuma kinapita hadi mwisho wa mpini na mara nyingi utakiona katikati ya vipande viwili vya mbao vilivyokazwa kwa ribiti. Kwenye visu vingine mkia wa chuma umefichwa ndani, na hilo si kosa mradi uwe mrefu. Ubaya ni ule mkia mfupi kama kidole uliogandishwa kwa plastiki. Shika bapa kwa kitambaa, shika mpini kwa mkono mwingine, jaribu kutikisa. Ukisikia hata mchezo mdogo, ujue siku moja kitakatikia mkononi.

Ukubwa: kifupi kuliko unavyodhani

Kwa kazi tulizozitaja, bapa la sentimita 8 hadi 10 linatosha. Kama huna rula, pima kwa upana wa kiganja chako, vidole vinne pamoja na kidole gumba. Unene wa milimita 2 hadi 3 unafaa. Kinene zaidi kitapasua embe badala ya kulikata, na chembamba sana kitajipinda.

Kisu kirefu kina hasara mbili: kinachoma ukikaa au ukiinama, na watu wanakiona kama silaha. Hilo la pili tutalirudia.

Chuma: kinachoshika kutu na kisichoshika

Chuma cha visu kiko cha aina mbili kubwa. Cha kwanza ni cha kawaida chenye kaboni. Kinanoleka upesi na kushika makali vizuri, lakini ukikiacha na utomvu usiku mmoja kinageuka cheusi na kuanza kutu. Cha pili ndicho tunachokiita stenlesi. Kimechanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, ndiyo maana kinastahimili maji. Kwa mtu anayekamua ng'ombe au kufanya kazi mvuani, stenlesi inapunguza usumbufu. Kwa mtu ambaye hukausha kisu chake kila jioni, cha kaboni ni kizuri sana.

Sokoni utasikia kwamba stenlesi halisi haishikwi na sumaku. Kwa vijiko vingi ni kweli, kwa visu si kweli. Stenlesi inayoweza kuwekwa makali ya kudumu kwa kawaida inashikwa na sumaku. Usiache kisu kizuri kwa sababu hiyo.

Ukienda kwa mhunzi, muulize chuma kimetoka wapi. Springi ya gari ni chuma kizuri cha kisu. Nondo ya kawaida ya ujenzi ni laini, hata ukiinoa leo, kesho ni butu. Kama ana tupa, mwombe aipitishe taratibu karibu na makali. Tupa ikiteleza, chuma kimekomazwa. Ikiuma na kutoa unga kirahisi, chuma ni laini.

Ala: nusu ya kisu

Kisu kisicho na ala hakijakamilika, hata kama bei imepungua. Ipime hivi: tia kisu ndani, geuza kichwa chini, tikisa. Kisianguke. Kisha bonyeza ncha ya ala kwa kidole. Isiwe laini kiasi cha kutobolewa. Pawe na kitanzi imara cha kupitishia mkanda.

Ala ya ngozi ni nzuri, lakini inakunywa maji. Usikilaze kisu ndani yake kikiwa kimelowa. Ala ya plastiki inafaa zaidi kwenye mvua, hasa ikiwa na tundu chini la kutolea maji. Kama kisu chako hakikuja na ala, wapo mafundi wanaopasha moto kipande cha bomba la plastiki, wanakibana kikiwa laini kulizunguka bapa, kisha kinapoa na kushika umbo la kisu. Mwenzetu aliyeumia anatumia ya namna hiyo hadi leo.

Ivae ubavuni, nyuma kidogo ya nyonga. Usiivae katikati ya mgongo, ukianguka chali itakuumiza uti. Usiivae mbele ya paja, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu unapita pale. Ukipanda bodaboda, kitoe kiunoni ukitie ndani ya begi kikiwa ndani ya ala yake.

Kunoa, na jambo la migomba

Wengi tunanoa kwa nguvu bila kujali pembe. Jaribu hivi: simamisha bapa wima juu ya jiwe, lilaze hadi nusu, kisha lilaze nusu tena. Hapo umepata takriban digrii 22, pembe nzuri ya kisu cha kazi. Lowesha jiwe, sukuma taratibu, idadi sawa kila upande. Jaribu makali kwenye karatasi au jani, si kwenye kidole. Na jihadhari na mashine ya kunolea ya umeme: makali yakigeuka rangi ya bluu, moto umeharibu ugumu wa chuma, na sehemu ile haitashika makali tena mpaka iondolewe yote.

Mkulima wa migomba ana sababu nyingine ya kuangalia kisu chake. Mnyauko bakteria wa migomba, ambao umewahi kuripotiwa mkoani Kagera, husambazwa pia na visu na mapanga yanayotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima. Kisu unachotembea nacho kila siku ndicho kinachoingia mashamba mengi zaidi: lako, la jirani, la shemeji. Kabla ya kuhama shamba, kisafishe kwa Jiki, kipimo kimoja kwa vipimo vitano vya maji, kisha kisuuze, kikaushe na kukipaka mafuta kidogo kwa sababu Jiki inakula chuma. Au kipitishe kwenye moto hadi kiwe cha moto usioweza kugusa. Usikiache mpaka kiwe chekundu, hapo utakuwa umeua ugonjwa na kisu pamoja.

Kisu na watu wengine

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, inatambua kosa la mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia wengine hofu. Kisu cha kazi shambani kina sababu. Kisu hichohicho kiunoni kilabuni saa tatu usiku, au kwenye mechi, au kwenye mkutano wa kijiji wa kugombania mpaka, ni vigumu kukieleza. Ukitoka shambani, kiache nyumbani. Kwenye basi la Mbeya kiweke chini kabisa ya begi, na ukienda kupanda ndege Songwe usikibebe kwenye begi la mkononi.

Kisitoke kwenye ala wakati wa hasira, wala kwa mzaha. Ukimpa mwenzako, mpe mpini. Na watoto wajue mahali kinapotundikwa, juu, mbali na mikono yao.

Ukijikata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia hadi damu itulie. Ikiwa damu inaruka, endelea kukandamiza huku ukipelekwa kituo cha afya. Jeraha la kuchoma ni dogo juu lakini refu ndani, na udongo wenye samadi ndiko vijidudu vya pepopunda viliko. Usipake majivu wala mafuta ya breki. Nenda ukachomwe sindano.

Kabla ya kulipa, jiulize haya

Mpini hautelezi mkono ukiwa umelowa? Chuma kimeingia ndani ya mpini vya kutosha? Bapa halizidi upana wa kiganja? Ala inakishika ukigeuza kichwa chini? Ukipata ndiyo nne, lipa, hata kama makali ni butu. Jioni utakaa na jiwe lako nje ya nyumba, na kesho yake kitakata.

Wewe kisu chako ulikipata wapi, na kimekusaidia nini? Tutumie ujumbe, tutausoma katika kipindi cha mkulima.