Mfupa Ukitoboa Ngozi

Bodaboda zikianguka kati ya Korogwe na Handeni, huacha wengi wamevunjika muundi, mfupa nje. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichunguza majeruhi 240 wa namna hiyo. Matokeo yalichapwa 2020. Baadhi waliwekewa chuma ndani ya mfupa, wengine nje ya mguu. Baada ya mwaka, haikuonekana tofauti kubwa ya vifo wala ya kurudia upasuaji.

Basi chuma tuwaachie madaktari. Letu ni saa za kwanza: tufunike jeraha kwa kitambaa safi, tusisukume mfupa ndani, tusipake majivu wala mafuta, tufunge mguu kwenye ubao, tumwahishe majeruhi hospitali apate dawa ya kuzuia usaha. Mfupa ukioza, jembe la familia hulala.