Mchezo wa familia: Jengeni Busisi ya mwaka 2125

Mzazi wa Busisi anaikumbuka vizuri foleni ya kivuko. Mtoto wake mdogo hataikumbuka. Tangu Juni 19, 2025 lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, gari linavuka kutoka Kigongo kwa dakika chache tu. Jambo lililoonekana ndoto sasa lipo nje ya dirisha.

Basi waulize watoto: miaka 100 ijayo hapa patakuwaje? Majibu yao yanatosha kutengeneza mchezo wa mezani, bila kununua kitu.

Mnachohitaji ni boksi kuukuu, kalamu, vizibo vya soda na dadu ya ludo. Kwenye boksi chora ziwa, daraja, mwalo, shule, zahanati na nyumba, kisha unganisha kwa vituo vya kurukia. Waachie watoto waamue watu wa 2125 wanasafiri na chombo gani, wanakula nini na wanaogopa nini.

Swali la mwisho ndilo la kukaa nalo. Kila hadithi ya namna hii ina adui, na ziwa letu tayari lina wake: kichocho. Mgeuzeni kuwa sheria za mchezo.

Kwanza, adui haonekani. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga au kuchota maji. Ukitua ziwani ukapata 1 au 2, umeambukizwa, lakini unaendelea kucheza kama kawaida. Ndivyo ilivyo hata kwa mtu: anaweza kukaa muda mrefu bila dalili huku ini likiumia.

Pili, dawa ipo. Ukifika zahanati unapona, ila ukirudi majini unaweza kuambukizwa tena.

Tatu, hakuna mshindi mmoja. Vimelea hufika ziwani kupitia kinyesi cha mgonjwa. Kila mnapojenga choo au bomba, konokono mmoja anaondolewa ubaoni. Wakiisha, mmeshinda wote.

Angalizo kwa mzazi: usigeuze mchezo kuwa karipio. Mtoto anayeingia ziwani mara nyingi ametumwa maji na sisi wenyewe. Akikwambia tumbo linamuuma mara kwa mara, anaharisha au ameona damu kwenye choo, usimgombeze. Mpeleke zahanati apimwe.

Na jiandae. Mtoto aliyeweka bomba kila nyumba mwaka 2125 atakuuliza kwa nini lenu lisubiri miaka 100. Huenda huna jibu usiku huo. Lichukue swali lake ulipeleke kwenye mkutano wa kijiji, na kesho yake chemsheni maji ya kuogea.