Tii za mti au za plastiki? Soko dogo linalowahusu mafundi wa Ngara

Ubao wa mbili kwa nne wenye urefu wa futi 12, ukipasuliwa kwa uangalifu, unatoa fito 18 zenye unene wa milimita 12. Kila ufito ukikatwa vipande vya sentimita saba, unapata vipande 48. Jumla ni 864. Tuondoe theluthi moja kwa ajili ya mafundo, nyufa na vilivyovunjika mashineni, vinabaki 576. Kila kimoja kinaweza kuwa tii, yaani kile kijiti kidogo kinachochomekwa ardhini kubeba mpira wa gofu kabla haujapigwa.

Huku Keza, wilayani Ngara, hakuna uwanja wa gofu. Lakini mbao zipo, mafundi seremala wapo, na wilaya hii inapakana na Rwanda, ambako uwanja wa Kigali wenye mashimo 18 umejengwa upya kwa ramani ya kampuni ya Gary Player, bingwa wa zamani wa Afrika Kusini. Ukiongeza viwanja vya Uganda, Kenya na vya kwetu Tanzania, kuanzia Gymkhana ya Dar es Salaam na Lugalo hadi Arusha, Moshi, Morogoro na Mufindi, unapata wateja wanaovunja au kupoteza tii kila wiki. Swali la mti au plastiki, ambalo kwa mchezaji ni la senti chache, kwa fundi wa huku linaweza kuwa la kipato.

Bidhaa hii haina umri mkubwa. Zamani mchezaji au kedi, mbeba fimbo wake, alichota mchanga, akaulowesha maji na kuufinyanga kichuguu cha kuwekea mpira. Desemba 12, 1899, George Franklin Grant, daktari wa meno wa Boston aliyezaliwa na wazazi waliowahi kuwa watumwa, alipewa hataza ya Marekani namba 638,920 kwa tii aliyoibuni. Aliwagawia marafiki zake, hakuifanya biashara, akafariki mwaka 1910. Miaka ya 1920 daktari mwingine wa meno, William Lowell wa New Jersey, alitoa tii ya mti iliyoitwa Reddy Tee, na mwaka 1922 akamlipa bingwa Walter Hagen dola 1,500 aitumie mbele ya watazamaji. Mauzo yakapanda. Grant alikuwa na wazo zuri na Lowell alikuwa na mpango wa kuuza, na soko lilimfuata mwenye mpango. Somo hilo litatufaa mbele.

Tuanze na mfuko wa mchezaji. Tii ya mti huvunjika, hasa kwenye mashimo mafupi ambako fimbo ya chuma hushuka kwa nguvu na kuigonga. Tii ya plastiki hupinda na kurudi, na moja inaweza kumaliza raundi nzima isipopotea. Tuchukulie mchezaji anayetumia tii sita za mti katika raundi moja, na mwenzake anayetumia mbili za plastiki. Hapo plastiki ina nafuu ikiwa bei ya moja haizidi bei ya tii tatu za mti. Ikizidi, mti umeshinda. Kila mchezaji anaweza kuhesabu zake mwezi mmoja na kupata jibu lake, maana anayepiga kwa kuikwangua tii atavunja chache kuliko anayechimba.

Umbali ambao mpira unakwenda hautofautiani sana kati ya mti na plastiki. Kilicho muhimu zaidi ni kimo. Vichwa vya draiva, fimbo ya kupigia mbali, vimekua hadi ujazo wa sentimita za ujazo 460, kiwango cha juu kinachoruhusiwa, kwa hiyo tii ndefu za milimita 70 na 83 zimeshika soko, wakati zile fupi hutumika kwa fimbo za chuma. Kanuni za R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia mchezo huu duniani, zinaweka kikomo cha milimita 101.6. Fundi anayetaka kuuza akariri namba hizo kabla ya kuwasha mashine.

Gharama ambayo mchezaji haioni inamwangukia mtunza uwanja. Kipande kigumu kilichoachwa kwenye nyasi kinaweza kung'oa makali ya mashine ya kukatia, na kunoa visu hivyo ni kazi ya muda na fedha. Ndiyo maana klabu nyingi huweka kisanduku cha vipande pembeni mwa eneo la kuanzia. Tofauti huonekana kwa kile kilichosahaulika. Kipande cha mti kisichopakwa rangi huoza na kurudi udongoni. Cha plastiki hubaki, husagika vipande vidogo zaidi, na mvua hukisomba hadi mtaroni na mtoni.

Nchi zetu zimeshaonyesha zinakoelekea. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikatunga sheria ya bidhaa za plastiki za kutumika mara moja. Kenya ilizuia mifuko Agosti 28, 2017, Tanzania Juni 1, 2019. Marufuku ya mifuko haikulenga tii, lakini klabu inayoagiza bidhaa leo ina sababu ya kuuliza kitakachoruhusiwa kesho.

Sasa tuangalie uzalishaji. Tii ya plastiki humiminwa katika kalibu ya chuma. Kalibu ni ghali, ila ikishalipiwa kila tii inayotoka hugharimu kidogo sana, hivyo biashara hiyo ni ya mwenye mtaji na oda kubwa. Tii ya mti hukerezwa. Viwandani mashine hukereza zenyewe mfululizo, mara nyingi kwa mti wa betula wa nchi za baridi, na siku hizi kwa mianzi, ambayo ni migumu zaidi. Fundi wa Keza akikereza tii moja kwa dakika, kwa siku ya saa nane atapata 480. Tuseme wazi: kwa kasi hiyo hatashindana kwa bei na mzigo unaoshuka kwenye makontena. Anayemwambia fundi anunue mashine ili auze tii za kawaida kwa bei ya chini anampoteza.

Nafasi yake iko kwingine. Gofu ya Afrika Mashariki inaishi kwa mashindano ya makampuni, ya hisani na ya klabu kwa klabu, ambako wachezaji hupewa vifurushi vyenye mipira, kofia na tii. Hapo mnunuzi ni mfadhili anayetaka jina lake lionekane na habari njema ya kusimulia. Pakiti ya tii 20 zenye urefu sawa, zilizochomwa nembo ya shindano kwa chuma cha moto na kufungwa kwa karatasi, inauzwa kama zawadi. Kwa bei ya zawadi, 480 kwa siku zinatosha.

Na malighafi? Msonobari ni laini. Mkaratusi ni mgumu, lakini hupasuka ukikaushwa kwa haraka. Ubao wowote ukaushwe hadi unyevu wa asilimia 10 hadi 12, la sivyo tii itapinda ndani ya pakiti. Ningependa mafundi wajaribu mali inayoishia jikoni: mashina ya mibuni iliyozeeka. Mkulima anapokata mbuni hadi kisiki ili uchipue upya, shina linaloondoka ni gumu na nyuzi zake zimebanana. Halitoi ubao mpana, lakini tii haihitaji ubao mpana, na hakuna mti wa msituni unaokatwa kwa ajili yake. Katika mkoa wa kahawa kama Kagera, iliko Ngara, tii ya mbuni inamweleza mnunuzi ilikotoka bila tangazo.

Njia ya kulifikia soko ipo. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, lina kazi ya kuwasaidia wajasiriamali kwa mafunzo na teknolojia. Mbao zinunuliwe zenye alama ya nyundo na hati za misitu, kwa sababu mnunuzi wa nje atauliza. Kwenye mpaka na Rwanda, pale Rusumo, mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa iliyo kwenye orodha ya pamoja unaweza kupata cheti rahisi cha asili chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukavuka bila ushuru wa forodha.

Msimamo wangu ni kwamba klabu zichague mti, zikiuagiza usiopakwa rangi, na zitenge sehemu ya oda za mashindano kwa mafundi wa ukanda huu. Plastiki ibaki kwa mchezaji anayeokota kila tii yake. Fundi naye asikope fedha ya mashine kabla ya kupata mnunuzi. Atengeneze sampuli mia moja kwa mashine ya kuazima, azipime kwa rula moja baada ya nyingine, azipeleke kwa katibu wa mashindano na mtunza uwanja, kisha asubiri oda ya kwanza iliyoandikwa. Oda hiyo ndiyo itakayomwambia kama mashine italipa.