Programu Isiyoweza Kuandikwa

Wanafunzi wa sayansi ya kompyuta wana swali wanalopenda kumuuliza mhadhiri wa nadharia: haya yatanisaidia nini kazini? Matangazo ya ajira yanataja Java na Python. Uthibitisho wa Alan Turing hautajwi. Swali ni la haki, na linastahili jibu zito kuliko kuambiwa kwamba mada hiyo imo kwenye mtihani.

Turing alikuwa na miaka 23, yuko King's College, Cambridge, alipoandika makala yake ya 1936. Kompyuta za kielektroniki hazikuwapo bado. Alibuni mashine ya kufikirika tu, yenye utepe usio na mwisho na kanuni chache, kisha akaonyesha kwamba yapo maswali ambayo mashine ya namna hiyo haitayajibu kamwe. Linalofundishwa zaidi leo ni hili: je, yaweza kuandikwa programu ya kukagua programu nyingine yoyote na kusema, bila kukosea, kama itafika mwisho au itazunguka milele?

Haiwezekani, na sababu yake inaenea katika nusu ukurasa. Tuseme mkaguzi huyo yupo. Naandika programu kaidi inayomuuliza mkaguzi habari zake yenyewe, kisha inatenda kinyume. Akisema itasimama, inazunguka. Akisema itazunguka, inasimama. Vyovyote atakavyojibu, amekosea. Basi hayupo wala hatakuwapo, hata kompyuta zikiongezwa kasi mara milioni. Hii ni miongoni mwa hoja nzuri kabisa ambazo chuo kikuu kinaweza kumpa kijana, na inauma kuiona ikikaririwa usiku wa kuamkia mtihani na kusahaulika kesho yake.

Wabunifu wa lugha za programu hawakuisahau. Miaka ya 1970, Robin Milner na wenzake pale Chuo Kikuu cha Edinburgh walitengeneza lugha ya ML. Kompaila yake hutambua aina za data kabla programu haijaanza kazi, hata pale mwandishi asipozitaja. Kwa kuwa haiwezi kujua yote, inaegemea usalama: inakataa baadhi ya programu ambazo zingeenda vizuri tu, ili isipitishe hata moja itakayojumlisha namba na maandishi. Milner alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1991.

Upande wa mifumo mambo ni hayo hayo, tena huko ndiko ninakopenda kuwapeleka wenye shaka. Tangu 2014, kiini cha Linux kinaruhusu programu ndogo ziitwazo eBPF ziendeshwe ndani yake, mahali ambapo mzunguko mmoja usioisha ungeweza kuigandisha mashine nzima. Kwa hiyo kila programu hukaguliwa kabla ya kuingia. Mkaguzi wa Linux hashindani na Turing. Anachodai ni kwamba programu iandikwe kwa namna ambayo mwisho wake unathibitika; asipouona, anaikataa, hata kama haina kosa. Mwanzoni hakukubali mzunguko wowote. Ni toleo la 5.3, la mwaka 2019, lililoanza kupokea mizunguko yenye kikomo.

Na eBPF haiko mbali nasi. Android, tangu toleo la 9, huitumia kuhesabu data. Ukifungua mipangilio ya simu kuona ni programu ipi imekula bando lako, unasoma hesabu ya programu ya eBPF iliyopita kwa mkaguzi huyo.

Tatizo ni kwamba nadharia, lugha na mifumo hufundishwa kama masomo matatu yasiyofahamiana, mara nyingi katika miaka tofauti. Ningependa wahadhiri wake wakae meza moja. Mwanafunzi apewe kompyuta yenye Linux, aandike programu ya eBPF yenye mzunguko usio na kikomo, aone ikikataliwa, naye ajaribu kwa nguvu zake zote kumpiga chenga mkaguzi. Wiki hiyo hiyo, akiwa bado na hasira ya kukataliwa, asomeshwe uthibitisho wa 1936.