Radi ya Kampene na kamera yenye kuona kile macho hayaoni

Kuko orodha moja ya dunia yenye jimbo letu la Maniema linapatikana karibu na juu kabisa, lakini hakuna mutu wa kuicheza ngoma. Ni orodha ya fasi zenye kupata radi nyingi kupita zingine. Ilitolewa mwaka wa 2016 na Rachel Albrecht wa Iniversite ya São Paulo, kule Brazil, pamoja na wenzake. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo, inchi ya Venezuela: mianga ya radi karibu 233 kwa mwaka, kwa kila kilometre moja ya mraba. Ya pili ni Kabare, Kivu ya Kusini: 205. Ya tatu ni Kampene, hapa kwetu, teritware ya Pangi: karibu 177. Ni kusema, kilometre moja ya mraba inapata mwanga mumoja kila siku mbili, mwaka muzima. Katika fasi 500 za kwanza za orodha ile, 283 ziko Afrika.

Sababu yake si ya kificho. Hewa yenye maji mengi inatoka kwenye pori kubwa la Congo, inakutana na milima ya mashariki, inapanda juu kwa nguvu, na mawingu makubwa yanazaliwa. Wachimbaji wa Kampene, Kalima ao Punia hawakungojea wenye elimu ili kujua kwamba kwetu radi haichezi. Lakini nani alihesabu mianga ile yote, usiku na muchana, hata fasi kusiko na barabara?

Ni kamera. Ilikuwa ndani ya satelite yenye Marekani na Japani walirusha mwezi wa 11, mwaka wa 1997. Kamera ile ilikuwa inakamata foto karibu 500 kwa sekonde moja. Hesabu ya Kampene ilitoka kwenye foto zake za kuanzia 1998 mpaka 2013. Inahesabu mianga yote, ile yenye kubakia mawinguni na ile yenye kufika chini.

Tueleze kidogo. Filme ya kawaida inaonyesha foto 24 kwa sekonde. Simu zingine za leo zinafikia 240. Ukikamata foto nyingi kwa sekonde moja, kisha ukizionyesha polepole, kitu chenye kupita haraka kinatembea kama kinyonga. Kamera za kazi kubwa zinakamata maelfu, na zingine mamilioni.

Kamera hizo ziko kila fasi. Wapenzi wa mupira wanakumbuka Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil. Tarehe 15 mwezi wa 6, Ufaransa ilicheza na Honduras. Mupira wa Benzema uligonga muti wa goli, ukarudi kwa kipa wa Honduras, na watu wakaanza kubishana: uliingia ao haukuingia? Kamera 7 kwa kila goli, zenye kukamata foto 500 kwa sekonde, zikajibu: uliingia. Ilikuwa mara ya kwanza goli la Kombe la Dunia kukubaliwa kwa njia ile.

Wenye kupiganisha malaria nao wana faida. Mwaka wa 2017, watafuti wa Uingereza walionyesha namna mbu anaruka. Walitumia kamera 8, foto 10.000 kwa sekonde, juu mabawa ya mbu yanapiga mara mamia kwa sekonde moja. Kumbe mbu anageuza mabawa yake kwa namna yenye wadudu wengine hawatumii sana.

Na kwenye mine kubwa zenye kupasua mawe kwa baruti, maenjenieri wanapiga filme kila mulipuko. Matundu ya baruti hayapasuki yote mara moja. Yanafuatana kwa sehemu ndogo sana za sekonde. Jicho linaona vumbi tu. Kamera inaonyesha tundu gani lilichelewa, na jiwe gani liliruka mbali kupita mupaka wa usalama. Kwa njia ile wanajua watu wasimame wapi kesho.

Turudie radi, juu ndiyo yenye kutuua.

Miaka ya 1930, muji wa Johannesburg, wenye uko juu ya mine za zahabu, Basil Schonland na wenzake walitumia kamera yenye lensi za kuzunguka, yenye Mwingereza Charles Boys alivumbua. Waligundua kwamba radi haishuki kwa pigo moja. Kwanza uzi wa umeme wenye mwanga mudogo unashuka kwa hatua, karibu metre 50 kila hatua, unasimama kidogo sana, unaendelea. Ukikaribia udongo, nyuzi zingine zinapanda kutoka chini ili kuupokea. Zinapanda kutoka kwa kitu kirefu ao chenye ncha: muti, nyumba, fimbo ya chuma, kichwa cha mutu. Uzi wenye kufika wa kwanza njo unapitisha pigo kubwa, lenye joto la digri karibu 30.000.

Mwaka wa 2021, kule São José dos Campos, Brazil, watafuti walikamata jambo lile kwa foto 40.000 kwa sekonde. Nyuzi zaidi ya 30 zilipanda kutoka kwenye manyumba ya jirani, na moja tu ikashinda.

Kwetu, radi ikiua mutu, mara nyingi watu wanauliza: nani aliituma? Kisha muzee fulani ao mama mujane anafukuzwa, nyumba yake inachomwa. Tunaheshimu huzuni ya familia. Lakini foto zile zinaonyesha kitu kimoja: uzi ule haumufuate mutu kwa jina lake. Unashika njia iliyo karibu. Ile ulizo yenye inaweza kuokoa mutu ni hii: marehemu alikuwa amesimama wapi?

Kwa muchimbaji, jibu linagusa kazi ya kila siku. Kwenye kilima chenye kukatwa miti, yeye njo anabakia murefu, na baramini begani. Kujificha chini ya muti mumoja si usalama: umeme unaruka kutoka kwenye muti mpaka kwa mutu, ao unapita kwenye udongo na kupanda miguuni. Nyumba ya bashi haikingi. Shimo nalo si kimbilio la hakika, zaidi kukiwa maji, bomba la motopompe ao waya. Kule Marekani, mwezi wa 1 mwaka wa 2006, wachimbaji 12 walikufa ndani ya mine ya Sago, chini ya udongo, kisha gaze kulipuka. Wachunguzi walisema radi njo sababu yenye kuelekea zaidi. Na kwenye baruti ya kuwashwa kwa umeme, radi inaweza kuiwasha yenyewe. Mvua ikikaribia, kila mutu aondoke.

Hakuna haja ya kamera ili kujilinda. Ukiona mwanga, hesabu sekonde mpaka ngurumo. Kila sekonde 3 ni kilometre moja. Ukisikia ngurumo mbele ya kufika 30, acha kazi, weka vyuma chini, toka kwenye maji, shuka kilima, ingia ndani ya nyumba ya kujengwa muzuri ao gari lenye kufungwa. Rudi kazini kisha dakika 30 kupita ngurumo ya mwisho.

Na mwenzako akipigwa, mumuguse bila woga: umeme haubakii mwilini mwake. Kama hapumui, mulalishe chali, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na umupulizie pumzi kama unajua namna. Musimuzike ndani ya udongo, musikae kungojea muganga. Moyo wenye radi ilisimamisha unaweza kuanza tena, lakini dakika ni chache, na mwenye anaweza kuufufua ni ule aliye karibu.