Ramani ya simu inaishia getini

Mzazi, ramani ya simu itakutoa Tunduma usiku hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe, Vwawa. Ukishaingia ndani, inababaika. Mawimbi ya GPS hutoka kwenye setilaiti zilizo takribani kilomita 20,000 angani. Hufika yakiwa dhaifu, na bati na zege huyazuia.

Baadhi ya hospitali kubwa duniani hutumia Wi-Fi au vifaa vidogo vya bluetooth ukutani kumwongoza mgonjwa hadi mlango anaoutafuta.

Wewe mwenye mtoto wa degedege mkononi usizunguke ukisoma vibao. Mwambie mlinzi au muuguzi wa kwanza: “Mtoto ana degedege, tupeleke dharura.” Na usimtie kijiko mdomoni.