Umeionaje? Filamu tatu, watazamaji wa kawaida, na neno tulilolipiga marufuku

Muhula uliopita chama chetu kilionyesha filamu tatu katika chumba cha semina cha ghorofa ya chini, kile chenye projekta ambayo lazima ipigwe kofi kidogo ndipo iwake. Baada ya filamu ya kwanza tuligawa vipande vya karatasi vyenye swali moja tu: Umeionaje? Chai ya maziwa ilikuwepo, bisi zilikuwepo, watu walikuwa wamechangamka. Tulitegemea kupata maoni ya kujaza kurasa mbili za jarida hili.

Karatasi zikarudi. Karibu zote zilikuwa na neno moja: "Nzuri." Mmoja alijitahidi zaidi akaandika, "Nzuri sana." Mwingine alichora uso unaocheka.

Mwalimu wetu alizipitia zote akiwa amesimama mlangoni na koti lake mkononi. "Hata chai mngeniambia ni nzuri," alisema. "Nimeuliza habari ya filamu."

Tulicheka, lakini maneno yake yalituchoma. Juma lililofuata tulikaa tukajiuliza kwa nini watu wanaoweza kubishana saa nzima kwa Kiingereza juu ya filamu yoyote wanaishiwa maneno wakiulizwa kwa Kiswahili. Tulipata sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba wengi wetu Kiswahili tumekijulia jikoni. Tunajua vizuri sana kuambiwa: njoo, keti, kula, funga mlango, msalimie shangazi yako. Tunajua kuitika. Kubisha hatujazoea, kwa sababu nyumbani Kiswahili ni lugha ya wakubwa, na mkubwa habishiwi. Tukitaka kubisha tunahamia Kiingereza, kana kwamba kule adabu ina likizo.

Ya pili ni huruma. Filamu ikitoka kwetu tunaichukulia kama mgeni aliyesafiri kutoka mbali kuja kutuona. Ukae umkosoe mbele ya marafiki Waingereza? Mwenzetu mmoja alisema ingekuwa ni sawa na kuanika nguo za ndani za familia nzima barabarani.

Basi tukapitisha sheria mbili. Neno "nzuri" limepigwa marufuku hadi mwisho wa muhula. Na kila mwanachama amwonyeshe filamu mtu mmoja wa nyumbani, mzazi, bibi, mjomba, yeyote asiyesomea mambo ya sinema, kisha amuulize swali lile lile. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Filamu ya kwanza ilikuwa Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Ni filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Joseph Wairimu anaigiza Mwas, kijana wa kijijini anayeuza DVD huku akiwaigizia wateja vipande vya filamu anazowauzia. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Anakwenda Nairobi, siku ya kwanza anaibiwa kila kitu, na kabla hajajua mji una pande ngapi ameshalala mahabusu. Kutoka hapo anaishi maisha mawili: mchana jukwaani kwenye mazoezi ya mchezo wa kuigiza, usiku na genge la wezi.

Ugomvi wa kwanza ulihusu lugha. Binti mmoja ambaye wazazi wake ni wa Unguja alilalamika kwamba ilimbidi asome Kiingereza cha chini ya picha ili aelewe Kiswahili cha juu yake. Mwenzetu wa Nairobi akamjibu kwamba ile ni Sheng, na Sheng haina deni kwa mtu wa Unguja. Waliendelea hivyo mpaka bisi zikaisha. Aliyeshinda simjui, ila ninajua kwamba walibishana kwa Kiswahili, kila mmoja kwa Kiswahili chake, na hakuna aliyekimbilia Kiingereza.

Ugomvi wa pili ulitoka kwa shangazi wa mwanachama mmoja, aliyeitazama filamu kwenye simu akiwa anasubiri basi la kwenda kazini usiku. Jibu lake lilikuwa: "Imeigizwa vizuri mno, na ndiyo maana imenikera." Alieleza kwamba hapa Uingereza kila akitaja Nairobi watu humuuliza kuhusu wezi, na sasa filamu yenyewe ya Kenya, tena iliyotengenezwa kwa ustadi, inawathibitishia. Mpwa wake alimwambia kwamba London nayo ina filamu za majambazi na hakuna anayeogopa kuitembelea. Shangazi akasema: "London ina filamu elfu. Sisi wametuona kwa moja."

Hoja hiyo imetukaa. Mimi nadhani shangazi ana haki ya kukereka, ila lawama si ya Gitonga. Mwas si mwizi tu. Ni mtu mwenye kipaji anayekosa mahali pa kukiweka, na sehemu za jukwaani zinaonyesha kwamba mji ule ule unaomfanya mwizi ndio unaomfanya msanii. Lakini mtu anayeulizwa habari za wezi kila wiki kazini hawezi kutazama kwa utulivu wangu mimi ninayekaa maktaba.

Filamu ya pili ilikuwa Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo baadhi yetu tunaisoma darasani. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka huo huo, na Tanzania ikaipeleka kwenye Oscar. Tuko Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mkubwa kwake, anaitoroka ndoa hiyo. Denge ni kijana anayepigania uhuru. Wanapendana mahali ambapo rangi, dini, ukoo na serikali vyote vinasema hapana.

Wanafunzi wa fasihi walikuja na madaftari. Walilalamika kwamba riwaya ina uwanja mpana na watu wengi zaidi, na filamu imeubana uwanja huo mpaka umebaki wapendanao wawili na vivuli. Mmoja alisema imepwaya katikati. Mwingine akambishia: vivuli vile ndivyo utamu wenyewe, na kitabu kikitaka kusomwa bado kipo rafuni.

Lakini maoni tuliyoyapenda yalitoka kwa bibi wa mwanachama wetu wa Unguja. Alitazama na mjukuu wake sebuleni, na mjukuu anasema jambo la kwanza aliloliona ni kwamba bibi alikuwa anacheka kabla ya maandishi ya Kiingereza kutokea. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka baada ya maandishi kutokea. Filamu nzima ilikwenda hivyo, kicheko cha bibi mbele, cha mjukuu nyuma, kama watu wawili wanaopanda ngazi moja.

Mwisho akamuuliza, "Bibi, umeionaje?" Bibi akasema picha zimepigwa kwa mapenzi, nyumba amezitambua, na muziki umemkuna. Kisha akatoa dosari zake. Watu wa filamu wanaongea polepole mno. "Sisi hatukuwa tunaongea hivyo, kila mtu alikuwa na lake la kufanya." Na kingine: mbona hawali? Mji mzima ule, mapenzi yote yale, siasa zote zile, na yeye anangoja aone mtu amekaa na sahani yake ashibe.

Tulipoisikia hiyo tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliangalia jambo hilo. Tulikuwa tunatazama ukoloni, jinsia na tabaka, kama tulivyofundishwa. Bibi alikuwa anatazama kama watu wale wanaishi.

Filamu ya tatu ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ambayo ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Berlin katika sehemu ya filamu za watoto na vijana. Ilizaliwa katika mpango ule ule wa mafunzo ya watengeneza filamu uliozaa Nairobi Half Life, lakini usingedhani kwamba ni ndugu. Jo ni msichana mdogo anayeumwa ugonjwa usio na tiba. Anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake, ambaye ni mkunga, anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini ili siku zilizobaki awe nyumbani. Mama anataka kumfungia ndani asidhurike. Dada yake, Mwix, anaona kufungiwa huko ndiko kufa kwenyewe, na anakiomba kijiji kizima kishirikiane kumfanya Jo aamini kwamba ana nguvu kweli.

Taa zilipowashwa hakuna aliyegusa karatasi. Mwenzetu anayesomea uuguzi ndiye aliyeanza. Alisema watoto wagonjwa hujua mapema kuliko tunavyodhani, na kwa maoni yake Jo alikuwa anakiigizia kijiji kama vile kijiji kilivyokuwa kinamwigizia yeye. Mwingine alisema amechukizwa: mapenzi gani hayo yanayohitaji watu mia waseme uongo? Kijana mmoja ambaye familia yake ni ya Bukavu alisema kwao mambo hayo huitwa kumbeba mtu, si kumdanganya. Mwalimu, ambaye kwa kawaida huacha tuzozane, akakumbusha methali ya mficha maradhi, kwamba kilio humfichua. Kisha akaongeza kwamba methali hiyo haisemi mfichaji alikuwa na nia mbaya.

Mimi sikusema kitu. Nilikwenda nyumbani wikendi hiyo nikamwekea mama filamu ile.

Mama alitazama huku anakunja nguo. Ilipofika katikati nguo zilibaki mapajani. Filamu ilipokwisha niliuliza swali letu, na akajibu bila kunitazama: "Yule dada mtu ana akili. Lakini mama mtu hakukosea."

Lazima nieleze kwa nini jibu hilo halikuwa la filamu tu. Nilipokuwa kwenye mitihani ya mwisho ya sekondari, babu yangu aliugua kule Tanga, akafariki, akazikwa. Mimi niliambiwa siku kumi na moja baadaye, jioni ya mtihani wa mwisho. Kila mtu alijua: baba, shangazi zangu, hata jirani. Nyumba nzima ilikuwa kijiji cha Jo, na mimi ndiye niliyekuwa nalindwa. Najua wasomaji wengi wa jarida hili wana kisa kama hiki. Kwetu tunaoishi mbali, habari za msiba husubiri mpaka mitihani iishe, kama barua inayowekwa juu ya kabati.

Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Jioni ile nikamwambia mama, kwa Kiswahili, "Mama, mimi mlinionea." Nilisikia sauti yangu ikitetemeka. Sikuwahi kumbishia mama katika lugha hii.

Alikaa kimya, halafu akasema, "Ulidhani kila usiku nilikuwa nasafisha bafu?"

Ninayakumbuka hayo maji ya bafuni. Nilikuwa nasoma na vidude masikioni ili yasinisumbue.

Hatukukubaliana. Yeye bado anaona alifanya kazi ya mama, na mimi bado naona nilinyang'anywa nafasi ya kulia pamoja na wenzangu. Lakini tuliongea mpaka saa saba usiku, na Kiswahili kilitutosha. Kila nilipokwama alingoja. Aliposema neno nisilolijua nilimuuliza, naye akanieleza, kisha tukaendelea kugombana.

Kwa hiyo, kwa wanaotaka ushauri wa haraka: Nairobi Half Life itazame na mtu wa Nairobi kando yako, na usiwe na mtoto mdogo chumbani, maana ina damu. Vuta N'kuvute itazame na mtu mzima wa pwani, ujaribu kucheka pamoja naye, si baada yake, na ukiwa unasoma riwaya usitarajie kuikuta yote. Supa Modo haifiki saa moja na nusu na inafaa kwa wote. Mwisho wake sitausimulia. Mtazame na yule mtu ambaye kuna jambo hamjawahi kuambiana.

Maonyesho yanaendelea muhula huu siku za Alhamisi, chumba kile kile, na wanaoanza kujifunza lugha wanakaribishwa. Wageni wa nyumbani wanakaribishwa zaidi, hasa bibi. Karatasi zitagawiwa kama kawaida. Ukipewa yako, andika imekugusa, imekuchosha, imekukera, imekukuna, imepwaya, haina chumvi, chochote ulicho nacho, kisha andika kwa nini. Neno lile lingine bado limepigwa marufuku, na Mwalimu anakagua mlangoni.